Kitasa Kibovu Kirudishwe Kilikotoka

Dukani, 11 Januari

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Konda wa basi ameikunja mara nne kama karata, lakini imefika. Usinipigie tena simu kuuliza kama imefika. Sikio la kulia unajua liliondoka na surua tukiwa watoto, na hili la kushoto lililobaki linaliwa kila siku na mashine ya kuchongea funguo. Siwezi kulimalizia kwenye "haloo, haloo, unanipata?" Wewe andika, mimi nitasoma na nitakujibu.

Sasa kaa vizuri nikwambie timu yetu imefanya nini.

Imesajili kitasa. Ndivyo wanavyowaita siku hizi mabeki wa kati, vitasa, eti wanafunga njia. Mimi nimefunga vitasa miaka thelathini na moja, cha mlango wa mbele, cha stoo, cha kabati la dawa la hospitali, na sijawahi kuona kitasa kinachomkaribisha mwizi ndani na kumwonyesha pa kukaa. Huyu ndiye wa kwanza. Wamemchukua dirisha dogo la usajili, na mtu aliyepitishwa dirishani sijui nani alimtegemea ajue kazi ya mlango.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa Jumapili. Ana urefu wa nguzo ya umeme, na kugeuka anageuka kama kabati la nguo, mpaka watu wawili walishike. Goli la kwanza kapigwa tobo na winga mwenye bandeji magoti yote mawili. La pili aliruka, akatua, akaangalia huku na huku, mpira ulikuwa umeshatolewa wavuni unarudishwa katikati. Tulikuwa jukwaa la mbali, sura yake sikuiona. Mgongo niliuona sana, maana dakika tisini alikuwa anamkimbiza mtu aliyeshampita.

Katibu wa tawi letu, yule muuza magazeti, alikuja dukani na picha yake ukurasa wa nyuma. Nikamwambia aikunje aondoke nayo. Jina nimeshampa: Mlango Wazi. Kesho yake nililisikia kwa dobi, na mimi nikilisikia neno ujue mtaa mzima unalipigia kelele.

Mimi ni mwenyekiti wa tawi, mwaka wa kumi na tisa huu, na sitanyamaza. Klabu hii ilikuwa na mabeki. Sasa ina mapazia.

Dawa ya kifua uliyotuma ni chungu, lakini naimeza. Msalimie mpwa wangu.

Kaka yako,
Fundi


Kibandani, 16 Januari

Kaka,

Shikamoo. Barua yako nimewasomea wateja wawili, ikabidi niweke wembe chini mpaka wamalize kucheka. Mmoja kaniuliza kama kaka yangu amewahi kucheza mpira. Nikamwambia aliwahi, siku moja, akatolewa kwa kubishana na refa kabla mpira haujaanza.

Lakini huyo kijana amekukosea nini? Amecheza mechi moja. Kitasa cha kwanza ulichofunga wewe nyumbani kwa baba, tulikaa nje wote mpaka jirani akaja na nyundo. Baba hakukubandika jina.

Nina jambo la maana kuliko mpira wako. Binti amepata mchumba. Kijana amekuwa akija hapa kibandani kunyolewa mwaka mzima, nikadhani anapenda tu nywele fupi, mpaka nikagundua anakuja kila siku ya tatu na kichwani hana cha kunyoa. Ni mtulivu, haongei sana, ana miaka ishirini na saba. Kazi yake ni mlinzi, na hivi karibuni amehamia huko mjini kwenu kikazi.

Baba yake Binti hayupo, mwaka wa nne sasa. Amebaki mjomba, na mjomba ni wewe. Binti amesema wazi: bila mjomba kukaa na wazee wa kijana na kusema ndiyo kwa mdomo wake, haolewi. Unajua kwa nini amesema hivyo. Amekulia kwenye nyumba ambayo mjomba hakuikanyaga, hataki na yake iwe hivyo.

Wazee watafika kwako Jumamosi tarehe 24 Februari, saa nne asubuhi. Nakuomba uwepo. Mimi huwa siombi.

Mdogo wako,
Kinyozi


Dukani, 22 Januari

Mdogo wangu,

Mlinzi.

Nimelisoma neno hilo nikavua miwani, nikaifuta, nikalisoma tena. Mlinzi wa nini? Wa benki, wa bohari, au wa wale wanaokaa getini na kofia usoni mpaka mwenye gari apige honi mara sita? Mimi nauza vitasa ili watu wasihitaji mlinzi. Ukimwona mlinzi amesimama mahali, ujue hapo hajapita fundi. Na wewe unataka nimpe mpwa wangu.

Baba kinyozi, mume mlinzi. Kizazi kijacho sijui tutafika wapi, labda mtu wa kushikia wenzake milango ya lifti.

Na usinikumbushe ya mumeo. Yule nilimpokea, nikamkalisha, nikamsikiliza saa nzima. Kama hakupendezwa na mapokezi, shauri yake.

Tarehe 24 tuna mechi na wale jirani zetu. Mpira ni saa kumi, lakini tawi linakusanyika dukani kwangu tangu asubuhi. Sina nafasi ya kukaa na ukoo wa walinzi. Tafuta mzee mwingine.

Jumamosi tumefungwa matatu. Mlango Wazi alikuwa kwenye yote matatu, yaani alikuwa karibu, anashuhudia. Nimempa mchoraji kitambaa cha mita sita, ameniandikia kwa rangi nyekundu: KITASA KIBOVU KIRUDISHWE KILIKOTOKA. Siku za mechi bango linakwenda uwanjani. Siku nyingine nimelitundika juu ya mlango wa duka, watu walisome wakipita.

Tunakusanya na sahihi. Mkataba wake ni wa majaribio, mwisho wa Februari klabu inaamua kumbakiza au kumwacha. Barua yetu ya kumkataa inakwenda ofisini Jumatatu tarehe 12, na sahihi ya kwanza, juu kabisa, ni yangu. Akitoka hapo arudi kijijini kwao akachunge kitu ambacho hakikimbii.

Kaka yako,
Fundi


Kibandani, 25 Januari

Mwanangu,

Binti ameniambia umeliona bango na tangu siku hiyo chakula hakikupiti. Nisikilize. Mwenye bango ni kaka yangu. Ndiye mjomba wa Binti, ndiye wazee wako wanayekwenda kumwona tarehe 24. Sikukwambia mapema kwa sababu nilitegemea atachoka. Hachoki.

Na yeye sijamwambia wewe ni nani. Nilimwandikia kuwa mchumba ni mlinzi. Sikusema uongo, hata redioni wanasema mlinzi wa kati, mlinzi wa pembeni. Yeye akaelewa wa getini. Nikaacha hivyo hivyo, nikasema amdharau kwanza mlinzi wa geti, labda dharau itamwishia huko. Haijaisha, ndiyo kwanza imepata nguvu.

Nenda dukani kwake. Usiende na wazee, usiende na zawadi. Uliniambia kitasa cha mlango wa mbele wa nyumba uliyopanga kinakwama, na mwenye nyumba anasema alikifunga fundi wa hapo karibu na uwanja. Fundi huyo ni yeye. Kitoe, umpelekee. Jambo la kwanza mwambie jina lako na kazi yako, asije akasema umemvizia.

Na shika hili kuliko yote. Sikio lake la kulia ni ukuta. Pale dukani kuna vigoda viwili. Cha kulia ni cha wateja, anawakalisha hapo makusudi ili wakilalamika asisikie. Anaitikia "haya, sawa" na kuendelea na kazi, na mtaa mzima unadhani ni mvumilivu. Cha kushoto alikuwa anakaa mama yetu, na mimi. Wewe kaa kushoto.

Mama yako,
Kinyozi


Dukani, 1 Februari

Mdogo wangu,

Mtaa huu umejaa wajinga, na wote wanaijua njia ya dukani kwangu.

Bango wamelisoma. Jumatatu asubuhi nakuja kufungua, nakuta foleni. Nikadhani wamekuja kutia sahihi. Wa kwanza akatoa kitasa kwenye mfuko. Wa pili, kitasa. Mwalimu mstaafu kaja na vitatu amevifunga kamba kama samaki. Mwenye mgahawa wa kona hakujua kukifungua chake, kaja na mlango mzima begani. Wote wanasema nimetangaza kwamba vitasa vibovu virudishwe vilikotoka, na vyao vimetoka kwangu. Nikawaambia lile bango ni la mpira. Wakaniuliza mpira umeandikwa wapi. Nikatoka nje nikalisoma tena, na kweli mpira haujaandikwa popote.

Nikawakalisha mmoja mmoja kigoda cha kulia, wakalalamika mpaka wakachoka. Lakini vitasa wameviacha, meza yote imejaa.

Jana akaja kijana mmoja, naye na kitasa. Mrefu, aliinama kupita mlangoni. Akawa anataka kukaa kushoto, nikamwonyesha kulia, akakaa bila kubishana. Akasema jina lake, mashine ilikuwa inakwenda, sikulishika, nikaitikia. Huyu hakulalamika. Alikaa saa nzima ananitazama ninavyokifungua, akanishikia kurunzi nione ndani.

Nikamwonyesha kilichokiua. Kitasa kile hakina ubovu. Ni cha mkono wa kushoto. Mwaka ule duka la jumla walikuwa na vya kushoto tu, nikavigeuza kichwa chini, nikavifunga kwenye milango ya kulia. Kinafunga, ndiyo, lakini ulimi wake unagonga kwa mgongo kila siku mpaka unalika. Vyote vilivyorudi ni vya mwaka ule. Haya nakwambia wewe, tawini sijasema.

Kijana akasema kitu, nikamwambia apaze sauti. Akapaza: "Na yule beki, fundi, labda naye ni wa kushoto, wamemfunga katikati." Nikacheka mpaka kifua kikauma. Nikamwambia yule ni mbovu pande zote. Nikampangia magoli yote mezani, misumari ndiyo wachezaji, kopo la grisi ndilo goli, nikamwonyesha moja moja jinsi lile pandikizi lilivyosimama kama limeagizwa dukani likasahau lilichotumwa. Akakubali kila kitu. La tatu akanisahihisha: mimi nilidhani aliteleza, yeye akasema hakuteleza, alichelewa kuamua. Mtu anayeona hivyo anajua mpira.

Sasa huyu ndiye mtu wa kuoa kwetu. Ana adabu, ana akili, anasikiliza. Nikamwambia bila kuzunguka: nina mpwa wangu, mama yake anataka kumtupa kwa mlinzi, ukimtaka nitasema na mama yake. Akainamisha kichwa, akasema jambo huko upande wa kulia, nadhani alikubali. Achana na mlinzi wako. Kijana atakifuata kitasa Jumatano ijayo, hapo nitamuuliza jina.

Kaka yako,
Fundi


Nyuma ya uwanja, 1 Februari

Mama,

Shikamoo. Nilikwenda.

Nilimwambia mara tatu. Mara ya kwanza nilitaja jina langu na kwamba mimi ndiye beki wa kwenye bango. Mashine ilikuwa inanguruma, akasema haya, sawa. Mara ya pili nikamwambia ni mimi mwenyewe, akanijibu "hata mimi," sijui alisikia nini. Mara ya tatu alipoleta habari za mpwa wake nikamwambia, mzee, huyo mlinzi ndiye mimi. Akanipiga begani, akasema haya, sawa, nitasema na mama yake.

Kigoda cha kushoto nilikitaka. Alinikataza kwa mkono, na mtu mzima akikuonyesha pa kukaa unakaa.

Alinitukana saa nzima, mama, na mengi ni kweli. Tangu naanza mpira nimecheza namba tatu, beki wa kushoto pembeni. Hapa wenye nafasi ya katikati wameumia wawili, kocha akauona urefu wangu, akanitia pale. Mtu akinijia upande wa kulia siwezi kugeuka, najua, na uwanja mzima unajua. Nilijaribu kumwambia hilo kwa kuzunguka, akacheka.

Nilikwenda nimejiandaa kumchukia. Lakini ana mikono ya ajabu, kaka yako. Alikifungua kile kitasa kama anamvua mtoto shati.

Sitaki Binti apoteze mjomba kwa ajili yangu. Ukiona bora, nitawazuia wazee.

Mwanao,
Mlango Wazi
(hata mazoezini sasa ndivyo wanavyoniita)


Kibandani, 6 Februari

Kaka,

Leo sikuamkii.

Kijana uliyempa mpwa wako ndiye mlinzi. Mlinzi huyo ndiye Mlango Wazi. Ni mtu mmoja, na amekueleza hivyo mara tatu ukiwa umemkalisha upande wa ukuta. Futa miwani, soma tena.

Nilikuficha, kosa langu lipo hapo. Yeye hakukuficha. Umemtukana mtu mbele ya uso wake saa nzima, na yeye anakushikia kurunzi. Ukaniandikia kwa kalamu yako mwenyewe kwamba kitasa cha kushoto kikifungwa mlango wa kulia kosa si la kitasa, kisha chini yake unaniambia ulivyocheka. Ni beki wa kushoto, kaka. Alikwambia. Wewe unayejigamba kuona kosa la chuma kwa kidole, ulikuwa umeshika jibu mkononi ukalipaka grisi.

Na mimi sasa nitakwambia jambo nililolifungia miaka ishirini na sita. Umeandika kwamba mume wangu ulimkalisha, ukamsikiliza. Nilikuwa nyuma ya mlango. Ulimkalisha kulia. Maneno yake alikuwa ameyajifunza wiki nzima, ananiambia mimi kwanza huku ananoa wembe. Alikwambia kwamba kunyoa peke yake hakutalisha nyumba. Akakuomba umpokee dukani umfundishe vitasa, hata kufagia atafagia, ili mimi nisikae mbali na kaka yangu. Alikuomba kazi. Alikuomba tukae karibu na wewe. Ukamwitikia, "Haya, sawa, nendeni."

Tukaenda. Hakuuliza tena, aliona aibu. Aliingia kaburini anaamini ulimfukuza. Mimi nilijua hukusikia, na sikumwambia, maana nilikuwa na hasira na wewe na nilikuwa nasubiri uulize kwa nini tumeondoka. Hukuuliza. Ukasema tu kinyozi amekuchukulia dada. Sehemu yangu katika hilo ninaijua, na inaniuma.

Binti amezisoma barua zako zote. Amesema hatakubembeleza. Tarehe 24 ukikaa na wazee, ataolewa. Usipokaa, amevunja, na kijana ameshaambiwa. Usinijibu kwa mzaha.

Mdogo wako


Tawini, 13 Februari

Kwa Ndugu Fundi,

Kuhusu: Kuvuliwa uenyekiti

Kikao cha wanachama kilichofanyika Jumapili tarehe 11, nje ya duka lako, kimeniagiza nikuandikie kama ifuatavyo.

Ulitakiwa kusoma kwa sauti barua ya kumkataa beki mpya, yenye sahihi mia moja arobaini na moja. Badala ya kuisoma uliikunja na kuitia mfukoni. Ulipoulizwa sababu, ulisema beki huyo ni namba tatu. Ulipoulizwa tangu lini, ulisema tangu azaliwe. Mchoraji alipouliza bango liko wapi, ulikiri umelikata vipande kufungia vitasa vya wateja. Dobi alipouliza kama umelishwa kitu, ulisema beki ni mkwe wako.

Hapo kikao kilicheka kwa muda ambao mimi kama Katibu sikuweza kuupima. Nawe ukatutolea maneno, baadhi siwezi kuyaingiza kwenye kumbukumbu. Yanayoweza kuingia ni kwamba sisi ni mashabiki wa kupiga makofi refa anapotokea, na kwamba dobi hajui mpira wala sabuni.

Barua nyingine imeandikwa upya na imefikishwa klabuni jana, bila jina lako. Kwa kauli moja umevuliwa uenyekiti kuanzia leo, na tarehe 24 tawi litakusanyika kwa dobi. Unatakiwa kurudisha filimbi, daftari, na ufunguo wa sanduku la tawi uliouchonga wewe. Sanduku hata hivyo halijawahi kufunguka kwa ufunguo huo, tumekuwa tukitumia kisu.

Katibu


Dukani, 15 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika Jumatano ya wiki iliyopita, asubuhi. Nimeisoma mara moja, ikatosha.

Mchana wa siku ile ile kijana akaja kuchukua kitasa chake. Sikuweza kumtazama. Nilimpa, nikaingia nyuma kujifanya natafuta bawaba, nikakaa huko mpaka nikaona kivuli chake kimetoka mlangoni. Mwanamume wa umri wangu, najificha nyuma ya mbao dukani kwangu mwenyewe. Ukitaka kucheka cheka.

Tawini wamenivua uenyekiti. Waache. Watu wasiotofautisha namba tatu na namba tano ya katikati waongozane wenyewe, watafika mbali kama kipofu aliyepotea njia ya nyumbani. Filimbi nimewarudishia, nimeipuliza kwanza karibu na dobi. Ila barua yao imeshafika klabuni, nami ndiye niliyeianzisha, kwa hiyo jana nilivaa shati zuri nikaenda ofisini. Nikamweleza karani kwamba jina langu halimo tena, na kwamba beki wao hana ubovu, wamemfunga mlango ambao si wake. Nilieleza vizuri, na kitasa nilikwenda nacho cha kumwonyeshea. Karani aliendelea kuandika mambo yake, akasema, "Haya, sawa, mzee." Nikajua amenikalisha kulia.

Nilirudi kwa miguu.

Vitasa vya watu nimevitengeneza vyote, kila kimoja nimekirudisha nyumbani kwake na kukifunga mlango wa upande wake. Ule mlango wa mgahawa nimeubeba mwenyewe. Na kijana bado ni beki mbovu wa kati. Hilo silifuti, usinilazimishe.

Kuhusu mumeo. Miaka yote nimekuwa najisifu kwamba nilimsikiliza. Nimewaambia watu. Nilimwita wembe butu hapa dukani mbele ya wateja, naye alikuwa ananiomba tufanye kazi pamoja. Nimefanya kazi peke yangu miaka ishirini na sita, nikasema ni kwa sababu hakuna mtu anayefaa. Naumia, mdogo wangu. Ungeniambia, lakini sina uso wa kukulaumu, maana hata mimi ningeuliza.

Wazee waje tarehe 24, saa nne. Mechi wacheze wao. Klabu ikimbakiza, vizuri. Ikimwacha, ataondoka na mke. Wewe njoo Alhamisi, kabla yao, na uje na wembe wake. Sikuwahi kukaa kwenye kiti chake, nataka ninyolewe na mkono aliouzoesha yeye. Mpwa wangu mwambie mjomba atakuwepo, tena atakuwa amenyoa.

Kigoda cha kulia nimekitupa stoo. Kimebaki cha kushoto, na nimeazima viti vingine vitatu kwa mwalimu mstaafu, nimevipanga vyote upande huo, hata kama tutabanana. Kijana mwambie afike mapema, kabla ya wazee wake. Mashine nitakuwa nimeizima. Akae, aniambie jina lake. Gazetini limeandikwa, najua. Nataka nilisikie kwake.

Kaka yako